Nishushie Mbele za Watu

Mtaa wa viatu hauna adabu. Kila duka lina mdomo wake, na kila mdomo unataka kuumeza wa jirani. Mlango huu spika inaimba, mlango ule spika inalia, na katikati kuna jamaa aliyeshika maikrofoni anawaita akina mama "warembo wa dunia" ilhali hajawatazama hata usoni. Jumamosi ndiyo usiseme. Ukipita pale na wazo kichwani, utatokea upande wa pili umelisahau.

Mlangoni pa duka la kona, juu ya kreti ya soda iliyopinduliwa, alisimama msichana mwenye fulana ya manjano iliyomzidi mabegani, jinzi iliyopauka magotini, na nywele alizozifunga utosini kama kitunguu. Mtaa mzima ulimwita Kipaza. Si kwa sababu ya maikrofoni, maana kila mtu pale alikuwa nayo. Ni kwa sababu Mungu alimpa sauti nzito, pana, ya kujaza ukumbi, na yeye hakuwa na nia ya kuipunguza kwa ajili ya mtu. Siku za kazi alikuwa mwanafunzi wa tamthilia ya muziki katika chuo cha sanaa. Mwisho wa wiki aliuza viatu kwa mdomo.

Ghafla umeme ukakatika. Spika zikafa katikati ya neno, mtaa ukanyamaza, na wapiga debe wakabaki wametumbua macho kama watu waliosahau walichofuata dukani. Kipaza akaitazama maikrofoni yake, akaichomeka mfukoni, akavuta pumzi, akaendelea kuimba vilevile.

"Kuna raba, kuna ndara, kuna vya harusi! Mguu wako una haki, mama, usiunyime! Ingia ujaribu, kujaribu ni bure!"

Sauti ikavuka barabara, ikagonga ukuta wa benki, ikarudi. Watu wakageuka. Kijana mmoja mwembamba, shati la mistari limefungwa vifungo mpaka shingoni, kinanda cha umeme kiko mgongoni ndani ya mfuko mrefu mweusi, akasimama katikati ya njia nusura agongwe na mkokoteni.

"Pisha njia, mtu wa jeneza!" mwenye mkokoteni akamfokea.

Kijana akapisha. Akaisogelea kreti.

"Dada, vile viatu vya kijani ni vya nani?"

"Vya atakayevinunua."

"Namtafutia dada yangu."

"Anavaa namba ngapi?"

Kijana akababaika. "Miguu yake ni... ya kawaida tu."

Kipaza akacheka mpaka kreti ikayumba. "Kaka, huna dada wewe. Sema ulichokuja kusema, wateja wanapita."

"Nimekuja kusema usiitoe tena hiyo maikrofoni mfukoni. Hata umeme ukirudi."

"Kwani wewe nani, fundi umeme?"

"Mpiga kinanda."

"Basi nenda kapige. Hapa tunauza."

Akanunua viatu vya kike visivyo na mguu, akaenda zake akijikwaa. Kipaza akamsindikiza kwa macho mpaka kona, kisha akajikuta ameimba bei ya raba kwenye viatu vya harusi.

Jumatatu, chuoni, mwongozaji aliingia ukumbini na suruali yake ya michezo na filimbi shingoni. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyecheka ila kwa sababu maalumu. Akatangaza kwamba mpiga piano wa zamani amestaafu, na mpya huyu hapa. Kipaza akainua kichwa. Shati lilikuwa la mistari mingine, lakini vifungo vilifika shingoni vilevile.

"Shemeji!" akamwita toka nyuma ya darasa. "Dada yetu ameridhika na viatu?"

Darasa likaangua kicheko bila kujua linacheka nini. Kijana akainamia piano, masikio yakimwiva. Lakini vidole vyake vilipogusa meno ya piano, kicheko kikafa chenyewe. Tangu siku hiyo wakamwita Vidole.

Sasa tuseme kilichokuwa kinamuuma Kipaza, maana asiyejua atadhani msichana huyu alizaliwa kucheka. Tangu aingie chuoni hajawahi kusimama mbele. Kila onyesho alipangwa na waitikiaji, safu ya nyuma, gauni moja na wenzake, akiitikia "ndiyo, ndiyo" wakati wengine wanapendwa, wanasalitiwa na kufa vizuri kwenye mwanga. Alipolalamika, mwongozaji alimwambia, "Wewe ni ukuta. Ukuta hausifiwi, lakini nyumba inausimamia."

"Ukuta umechoka kupigiliwa misumari, mwalimu."

"Basi panda juu. Nyimbo za mbele ziko juu."

Na nyumbani alikuwapo mama. Mama yake alikuwa karani wa mahakama. Kutwa aliandika maneno ya watu wanaoapa na kudanganya, akirudi jioni hana hamu ya maigizo tena. Alivua viatu, akaloweka miguu, akasema bila kupandisha sauti: "Kuimba ni kuzuri, mwanangu. Lakini kuimba nyuma ya watu wanaoimba, hiyo ni kazi gani? Huu ni mwaka wako wa mwisho. Ukisimama mbele, nitakuja, nitakaa kiti cha kwanza, na suala hili sitalifungua tena. Ukibaki nyuma, Jumatatu ya kufunga chuo unaanza kazi kwa mjomba wako. Mapokezi. Ameshakubali."

"Na mimi nimekubali," Kipaza akajibu. Kiburi ndicho kilichojibu.

Onyesho la mwaka huo lilimhusu mjane anayetakiwa kuhama nyumba yake ivunjwe. Ajabu ni kwamba Kipaza aliusoma mchezo mara moja tu, akalia kwa hasira, akasema huyu mjane ni wangu. Wimbo mkubwa ulikuwa mwishoni. Wavunjaji wameshafika na nyundo zao, naye ameburuta kiti mpaka mlangoni, amekaa:

*Ng'oeni mlango, ng'oeni na bati,*
*mvua na inyeshe, nalala hapahapa.*
*Mume nilimzika, wana nimewazaa,*
*kwa miguu yangu mwenyewe, sitoki.*

Hilo "sitoki" la mwisho liliandikwa juu kabisa, mahali ambapo sauti ya Kipaza haikuwa na ndugu wala rafiki.

Chini ya ngazi ya chuo palikuwa na chumba cha mafagio, ndoo na ngoma iliyopasuka. Hapo ndipo Vidole alipoweka kinanda chake cha umeme, maana piano ya ukumbini haikosi mwenyewe. Kila alasiri walijifungia humo, yeye kinandani, Kipaza amesimama baina ya ndoo. Kila walipofika "sitoki," sauti ikapasuka kama chupa.

"Tena," Kipaza akasema.

"Pumzika, mpenzi."

"Nani mpenzi wako?"

"Neno limeponyoka."

"Lirudishe, au uliseme vizuri."

Akalisema vizuri. Kipaza akageukia mafagio ili asionekane anavyotabasamu. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na chumba kile kilikuwa kidogo mno kwa kukohoa. Ndoo zikawa viti, ngoma iliyopasuka ikawa meza, na soda moja ikanywewa na watu wawili.

Jioni simu zikaanza.

"Umefika, laazizi?"

"Nimefika. Mama yupo."

"Basi zungumza kama unaongea na dada yako."

"Sawa, dada. Vile viatu vya kijani bado vinakubana?"

"Acha utani. Umekula?"

"Nimekula, dada. Umevaa ile sketi?"

Vidole akakata simu. Akapiga tena. Mama akauliza toka jikoni, "Huyo dada yako hana kazi?"

Lakini noti ya juu, ile ya "sitoki," ikaendelea kupasuka. Kipaza akaanza kukonda. Akanywa maji ya moto, akafunga mdomo siku nzima kuitunza sauti, hata viatu akaviuza kwa kuashiria. Siku moja alilia waziwazi, kamasi na yote, akasema, "Kama siyo hii, basi mimi si wa jukwaani. Niambie ukweli." Vidole alimfuta uso kwa mkono wa shati lake.

Kesho yake, ikatoka. "Sitoki" ikapanda, ikakaa juu, ikangojea mpaka pumzi ikaisha yenyewe. Kipaza akapiga yowe, akaruka, akaangusha ndoo, akamkumbatia Vidole shingoni.

"Umesikia? Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mbona hufurahi?"

"Nimefurahi."

"Basi uambie na uso wako." Akambusu shavuni. Kisha akambusu pasipo shavuni.

Wakauimba siku ile, na siku zilizofuata, na kila mara noti ikatoka. Jioni moja Vidole alipiga simu, sauti yake haina utani. "Kuna kitu nataka kukuambia kuhusu ile noti."

"Usithubutu. Iache ilale, isije ikaamka vibaya."

"Ni muhimu."

"Baada ya usaili utaniambia mpaka uchoke. Lala, dada yangu."

Akanyamaza. Hapo ndipo alipokosea mara ya pili.

Usaili ulikuwa wiki iliyofuata, lakini mwongozaji hakuwa mtu wa kungoja wiki. Asubuhi moja alipuliza filimbi, akasema, "Leo. Sasa hivi. Waigizaji wa kweli hawapigi hodi." Kipaza hakujali. Alikuwa amevaa gauni jekundu la kubana kiuno, lililomkaa kama limeshonwa akiwa ndani yake, na alipanda jukwaani kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuchukua kilicho chake. Vidole alikaa kwenye piano ya ukumbi, ile kongwe ya mbao. Alimtazama Kipaza kwa macho ya kuomba kitu. Kipaza akayasoma kuwa mapenzi, akamkonyeza.

Beti zilikwenda vizuri, ingawa tangu mwanzo aliona wimbo kama umevimba, kila neno liko mbali kidogo na mkono. Akafika mwisho. Akaiendea "sitoki" kwa kifua chote. Ikapasuka. Mwongozaji akamwashiria arudie. Ikapasuka vibaya zaidi, na nyuma kuna aliyecheka.

Baada yake akapanda msichana waliyemwita Chiriku, mdogo, mweupe wa meno, sauti yake nyembamba na safi. Noti ikamtoka bila jasho. Filimbi ikalia. Mjane akawa Chiriku, na Kipaza akarudishwa safu ya nyuma kabla gauni jekundu halijakunjika.

Vidole alimkuta kwenye ngazi.

"Kosa ni langu."

"Achana na mimi. Koo limenisaliti."

"Koo lako halina kosa. Kinanda changu kina kitufe. Ukikibonyeza, vidole vinapiga palepale, lakini wimbo wote unashuka. Siku ile ulipolia, niliushusha. Nilitaka upate moyo kwanza, halafu niupandishe kidogo kidogo bila wewe kujua, mpaka ufike. Piano ya ukumbini haina kitufe."

Kipaza akakaa kwenye ngazi. Akakumbuka yowe lake, ndoo, busu. Yote yale yalikuwa ya noti isiyokuwapo.

"Kwa hiyo nilikuwa nashangilia peke yangu," akasema taratibu. "Wewe umekaa pale unajua."

"Nilitaka kukuambia. Kwenye simu..."

"Nilikuuliza ukweli nikiwa nalia! Siku ile ile! Na leo mbele ya watu, mikono yako inajua kupiga popote, mbona hukunishusha leo?"

Vidole akainama. "Niliogopa mwongozaji angejua."

"Ehee. Nilipokutaka mkweli ukawa mwongo. Nilipokutaka mwongo ukawa mkweli." Akasimama. "Ulinihurumia, Vidole. Mimi nimehurumiwa na kila mtu, wewe nilikuwa nimekutoa kwenye hesabu."

Akaondoka. Simu zikaanza kuita jioni ile, zikaita asubuhi, zikaita akiwa sokoni. Ujumbe ukaja: *Nisamehe, malkia wangu.* Akafuta. Ukaja mwingine: *Hata unitukane tu, nisikie sauti.* Alitamani kutukana kweli, matusi aliyokuwa nayo yalikuwa mazuri, lakini akaona atampa raha. Akanyamaza, na kunyamaza kukamuuma yeye zaidi.

Mama hakumsimanga. Alipiga pasi blauzi nyeupe na sketi nyeusi, akavitundika mlangoni. "Nenda ukapaone tu," alisema. "Kupaona hakuumi."

Ofisi ya mjomba ilikuwa ya bima, zulia la kijivu, maua ya plastiki, kiyoyozi kinachonguruma. Mjomba alikuwa mtu mwema kweli. Akamketisha mezani ajaribu, mteja akaingia, naye Kipaza akamkaribisha: "Karibu, mzee wangu! Tukusaidie nini?"

Milango ya ndani ikafunguka. Vichwa vikachungulia. Mjomba akaja mbio kwa vidole vya miguu, akicheka kwa aibu.

"Mwanangu, punguza sauti. Hapa si jukwaani."

Hakusema kwa ubaya. Lakini lile neno lilimwingia Kipaza mahali ambapo kicheko cha ukumbini hakikufika. Shuleni aliambiwa apunguze. Kanisani aliambiwa apunguze. Chuoni aliambiwa apandishe, ambako ni kule kule kumwambia asiwe yeye. Na mtu pekee aliyempa wimbo mahali alipo alimpa kwa siri, kama mtu anayemlisha mgonjwa asiyetakiwa kujua anaumwa. Kumbe ubaya haukuwa kushushiwa. Ubaya ulikuwa kufichwa.

"Mjomba," akasema, "nakushukuru sana. Nikikaa hapa utanifukuza kabla ya mwezi, na mimi sitaki tukosane."

Akatoka na sketi yake nyeusi, akaenda chuoni moja kwa moja, akasukuma mlango wa ukumbi katikati ya mazoezi. Chiriku alikuwa amekaa kwenye kiti cha mjane. Bendi yote ilikuwapo, na Vidole kwenye piano, macho yamemwingia ndani.

"Umechelewa," mwongozaji akasema. "Safu ya nyuma."

"Siendi nyuma, mwalimu. Nimekuja kusailiwa."

"Ulishasailiwa."

"Nilisailiwa kwa sauti ya mtu mwingine. Nataka wimbo ushushwe."

Minong'ono ikapita. Kumwomba mwongozaji yule ashushe wimbo ni sawa na kumwomba hakimu apunguze sheria. Waimbaji waliona ni aibu. Walioshushiwa, walishushiwa kimya kimya, na hawakusema.

"Wimbo umeandikwa pale ulipo," mwongozaji akasema.

"Umeandikwa na mtu, na mtu si Mungu. Mwalimu, huyu mwanamke amezika mume, amezaa, amelala njaa, leo wanakuja kumtoa kwake na nyundo. Ndiyo apande juu kulia kama ndege? Mimi nikifukuzwa kwangu sitapanda. Nitashuka. Nitasema kwa sauti ya tumboni mpaka nyundo ziogope."

"Na karatasi za bendi? Tarumbeta, fidla, wote wamefundishwa hivi. Nani atawaandikia upya?"

"Mimi," Vidole akasema.

Alikuwa amesimama. Ukumbi wote ukamgeukia, na yeye, mtu anayeiva masikio akiitwa jina, akaongea. "Mwalimu, kabla ya hapo kuna jambo. Kwenye mazoezi niliushusha wimbo huu kwa kitufe, sikumwambia. Aliposhindwa siku ya usaili, mimi ndiye niliyemshindisha. Ukitaka kunifukuza, nifukuze. Lakini nitaziandika."

"Sijakuomba," Kipaza akamwambia.

"Najua."

"Na sijakusamehe."

"Hilo pia najua."

"Basi kaa. Nishushie mbele za watu. Utaje unapiga wapi, kila mtu asikie."

Vidole akataja kwa sauti, chini ya ilivyoandikwa, tena chini zaidi ya alivyokuwa amemshushia chumbani. Akaanza. Chiriku akaondoka kwenye kiti bila kuambiwa. Kipaza hakukikalia. Alishika mgongo wake kwa mikono miwili, na blauzi yake ya ofisini, akaimba. Ilipofika "sitoki," hakupiga kelele. Aliliteremsha neno, akalisimamisha sakafuni. Mbao za jukwaa zikatetemeka chini ya miguu ya watu, na yule mpiga tarumbeta aliyekuwa akisinzia akavua kofia.

Wa kwanza kusema alikuwa Chiriku. "Mwalimu, mimi naupenda wimbo huu. Lakini anayefukuzwa ni huyu. Mimi nilikuwa nimekuja kusalimia."

Mwongozaji alichezea filimbi. "Matangazo yameshatoka na jina la Chiriku," akasema mwishowe. "Sitayabadilisha. Jumapili mchana, onyesho la mwisho, ni lako. Mara moja. Karatasi zisipokuwa tayari, utaitikia."

"Zitakuwa tayari," akajibu Kipaza, na wakati huo hata hakujua zina kurasa ngapi.

Ndipo wakarudi chumba cha mafagio, safari hii mlango wazi. Vidole aliandika, Kipaza akakagua kila mstari kwa kuuimba. Waliandika za tarumbeta na za fidla. Ngoma hazikuhitaji, ngoma haina makuu. Siku za kwanza waliongea kazi tu. Kisha siku moja wino ulimchafua Vidole puani, Kipaza akajizuia, akajizuia, akashindwa, akacheka.

"Umenisamehe?" Vidole akauliza.

"Nimecheka. Usichanganye."

"Nichukue kama deni?"

"Chukua kama onyo. Vidole, nikikuuliza ukweli tena ukanificha, hata kwa mapenzi, hata kwa kunilinda, nitaondoka na sitapiga kelele. Utajua nimeondoka kwa ukimya."

"Nimesikia, mpenzi."

Safari hii hakumwambia alirudishe neno.

Jumapili mchana ukumbi ulijaa nusu na robo. Watu walikuja na watoto, na wengine walikuja kwa sababu jua lilikuwa kali nje. Mama alikuja na gauni lake la bluu la kwendea kazini, mkoba magotini, kiti cha kwanza kama alivyoahidi. Alikaa wima kama yuko kazini, akisubiri shahidi apande.

Kipaza alitoka amevaa gauni la kijivu lililochanika pindo, kitambaa cheusi kichwani, miguu mitupu iliyopakwa vumbi. Alicheza mjane mkorofi. Mjane yule aliwatania wavunjaji, akawakaribisha viti, akawauliza mama zao wanalala wapi. Watu wakacheka, kisha wakaona wanacheka vibaya. Alipoburuta kiti mpaka mlangoni, mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Mama, watamtoa?" Kipaza akamtazama yule mtoto, na huyo ndiye aliyemwimbia.

Neno la mwisho likashuka. Wachezaji wa nyundo walitakiwa kurudi nyuma hatua moja. Walirudi nyingi, na si kwa sababu walifundishwa. Mwanga ukazimika. Kelele za watu zikaanza gizani, na Kipaza, mikono imekufa ganzi juu ya kiti, akajua kwamba hakuna mtu duniani atakayemtoa pale tena.

Nyuma ya pazia palikuwa vurugu, watu wanavuliwa, wanakumbatiwa, wanatafuta viatu. Mama alipita katikati yao na mkoba wake. Alimshika Kipaza usoni kwa viganja viwili, akamwangalia kwanza.

"Nitampigia mjomba wako," akasema. "Atafute mwingine." Kisha machozi yakamshinda, akayaacha yatiririke bila kuyafuta. "Kumbe ile sauti niliyokuwa naifungia madirisha ndiyo hii."

Wenzao wakawazunguka. Vizuri sana, walisema. Safi kabisa, hakuna kasoro, umeua. Vidole alikuja wa mwisho, shati la mistari limeloa mgongoni. Mama akampima toka juu mpaka chini.

"Wewe ndiye dada mwenye simu."

"Ndiye mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Kazi yangu ni kusikiliza watu, kijana, kwa hiyo usinizungushe. Mwanangu ameimbaje?"

Masikio ya Vidole yakaiva. Akamtazama Kipaza, aliyekuwa anang'aa kwa jasho na sifa, amezungukwa, siku yake hii moja. Ilikuwa rahisi mno kusema vizuri.

"Ameimba sijawahi kusikia mfano wake, mama," akasema. "Lakini ubeti wa pili aliingia kabla yangu. Ilibidi bendi nzima tumkimbize."

Chiriku akaziba mdomo. Kipaza akamtazama Vidole kwa muda, kisha akaanza kucheka kicheko kile cha kutikisa kreti.

"Nilijua!" akasema. "Nilijua pale pale. Nimesimama hapa nasubiri nione ni nani atakayethubutu kuniambia." Akamgeukia mama yake. "Mama, huyu nitaolewa naye."

"Mbona mimi sijaulizwa?" Vidole akasema.

"Unaulizwa sasa. Jibu kwa sauti, watu wa nyuma wasikie."

Vidole akavuta pumzi, akafungua kifungo cha shingoni. Alijibu ndiyo, kwa sauti kubwa iliyopasuka katikati, na mpiga tarumbeta akawa wa kwanza kupiga makofi.